Naomba ushauri: mbwa wanne, kupe hawaishi

Habari zenu wakuu. Nafuga mbwa wanne hapa Kibaha: jike mmoja, madume wawili na mtoto wa miezi 4. Wote wa kienyeji, na nawapenda sana.

Shida yangu ni kupe. Nawaogesha dawa niliyonunua duka la mifugo kila baada ya wiki 2, lakini siku ya tano tu nakuta wengine masikioni na katikati ya vidole. Mwezi uliopita dume mkubwa aligoma kula, fizi zikawa nyeupe, akatokwa damu puani. Daktari wa mifugo akasema ni ugonjwa unaoletwa na kupe, akampa doksisaiklini ya siku 28. Sasa anakula, ila bado amekonda na roho yangu haijatulia.

Nahisi kupe wanajificha na kutaga kwenye nyufa za banda. Kuna aliyewahi kupulizia dawa bandani? Mbwa wakae nje muda gani kabla ya kurudi? Na huyu mtoto, dawa ileile inamfaa? Naogopa sumu, maana wanajilamba.

Jingine ni chakula. Nikiwawekea ugali na dagaa, jike anawafukuza wenzake na mgonjwa ndiye anabaki na njaa. Nimeanza kumlisha peke yake jikoni, basi wengine wanalia mlangoni mpaka majirani wanalalamika.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, wale wakubwa wameshapata, dawa ya minyoo nawapa kila miezi 3.

Mwenye uzoefu anisaidie, hasa hilo la banda.