Nyuzi au michakato iliyozaliwa mapema: ipi inafaa programu ya wavuti?

Fundi_Seva: Wadau, nipo njia panda. Nina programu ya Python ambayo muda mwingi inasubiri majibu ya hifadhidata. Seva ina kori 2 na memori GB 4. Niwashe michakato 8 (processes, nakala za programu zinazojitegemea) kabla maombi hayajaingia, au michakato 2 yenye nyuzi nyingi (threads, kazi zinazoenda sambamba ndani ya mchakato mmoja)?

Kori_Mbili: Mkuu, nusu ya jibu umeshaitoa: inasubiri. Uzi unaosubiri hifadhidata huachia kufuli la GIL (linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati kuendesha Python ndani ya mchakato), mwenzake akaendelea na kazi. Anza na michakato 2, nyuzi 8 kila mmoja. Ingekuwa inachakata picha kwa msimbo wa Python tupu, ningesema michakato tu.

Mzee_wa_Logi: Hapo napinga. Hajasema anatumia maktaba gani! Nyuzi zinatumia memori moja, na maktaba moja isiyo salama kwa nyuzi inatosha kuharibu data kimyakimya. Ndiyo maana PHP iliyopachikwa ndani ya seva ya wavuti ya Apache imezoeleka kuendeshwa kwa moduli ya prefork, yaani mchakato mama unazaa michakato watoto mapema, isiyo na nyuzi. Mtoto akianguka, anaanguka peke yake na mama anazaa mwingine. Uzi ukiangusha mchakato, maombi yote yaliyomo yanapotea.

Fundi_Seva: Na memori? RSS (memori yote ambayo mchakato umeshika) inaonyesha MB 180 kwa kila mtoto.

Kori_Mbili: Usijumlishe RSS, inarudia kuhesabu kurasa wanazochangia. Soma PSS, inayogawa kurasa hizo kwa wanaozichangia, kwenye faili la Linux /proc/PID/smaps_rollup (PID ni namba ya mchakato).

Mlinzi_wa_Data: Nisimulie yaliyotukuta. Ili kuokoa memori tulipakia programu yote kwa mama kwanza, na muunganisho wa hifadhidata ya PostgreSQL ukafunguliwa hukohuko. Watoto wakarithi soketi (mlango wa mawasiliano) ileile. Maombi mawili yakigongana, mtoto mmoja anasoma jibu la mwenzake: mteja kaomba risiti yake, kaletewa ya mtu mwingine. Kwenye majaribio haikuonekana kabisa, maana tulikuwa tunajaribu mtu mmojammoja. Muunganisho ufunguliwe baada ya mtoto kuzaliwa, tafadhali sana. Halafu hesabu: nyuzi 16 zinaweza kudai miunganisho 16, na PostgreSQL isipobadilishwa inakubali 100 tu kwa seva zako zote.

Fundi_Seva: Asanteni sana. Nimekagua: maktaba ya kutengeneza PDF ndiyo pekee isiyo salama kwa nyuzi. Nitaipa mchakato wake, zilizobaki ziende 2 kwa 8. Muunganisho nao nilikuwa naufungua juu kabisa ya faili; nauhamisha sasa hivi.