Naomba ushauri: upasuaji wa kuondoa tumbo lililolegea baada ya uzazi, nijue nini kabla?

Mama Watatu:
Habari za muda huu wakuu. Wale wa maji ya limao na tangawizi mnisamehe, nimekunywa hadi meno yakafa ganzi.

Nina miaka 34, watoto watatu, wa mwisho ana mwaka na miezi miwili. Kilo zimeshuka kutoka 86 hadi 71, ila tumbo limebaki linaning'inia juu ya mshono kama mfuko. Joto likizidi panachubuka. Juzi kwenye daladala ya Gongo la Mboto konda akapaza sauti, "Mpisheni mama mjamzito!" Kijana akanyanyuka. Nikakaa, ningesema nini?

Kuna mtu Instagram ananiambia nitatoka siku hiyohiyo na baada ya wiki niko kazini. Mume anasema mwili ni wangu, ila sura yake haisemi hivyo. Mliofanya, nipeni ukweli.

Dera la Maua:
Shosti, nimefanya mwaka juzi. Wiki moja anakudanganya. Mimi nilikaa kwenye nusu kaputi kwa muda wa saa tatu. Wanakata nyonga hadi nyonga, chini panapofichwa na chupi, wanavuta ngozi kama unavyotandika shuka, inayozidi wanaitoa, na kitovu kinatobolewa tundu jipya. Nilirudi nyumbani na mipira miwili ya kutoa majimaji. Kila asubuhi napima kilichoingia kwenye kichupa, naandika daftarini. Siku kumi nilitembea nimeinama kama bibi anayepalilia. Mkanda wa kubana wiki sita, na joto hili la Dar! Mpaka leo nikijigusa chini ya kitovu ni kama namgusa mtu mwingine.

Sijuti. Ila kovu ni la maisha, na kama ngozi yako huwa inaota makovu ya kufura, mwambie daktari mapema.

Babu Kitambi:
Mimi changu natembea nacho tangu 2009, hakijanidai hata mia.

Nesi wa Zamu:
Babu, chako kigumu hicho, mafuta yako ndani yamezunguka utumbo. Hayo hayakatwi, punguza wali.

Mtoa mada, lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo kama unachungulia miguu, kisha bonyeza vidole katikati hapo kwenye kitovu. Vikizama viwili au zaidi, huenda misuli imeachana. Baadhi husaidiwa na mazoezi ya fiziotherapia, wengine hushonwa kwenye upasuaji huohuo. Kunyonya mafuta hakugusi misuli wala ngozi iliyolegea, usiuziwe hicho kwa jina la hiki.

Bado unanyonyesha? Maliza kwanza, kisha ipite angalau miezi sita. Unataka wa nne? Subiri, mimba italegeza tena. Shisha na sigara uache wiki nne kabla, kidonda cha mvutaji hakifungi vizuri. Taja dawa zote, na vidonge vya uzazi wa mpango pia. Tunachokiogopa zaidi ni damu kuganda mguuni ikapanda mapafuni, ndiyo maana tunakuamsha utembee mapema hata ukitutukana. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikata, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mtu wa Pugu:
Huyo wa Instagram muulize jina kamili la daktari, ulipeleke Baraza la Madaktari Tanganyika wakuambie kasajiliwa kwa ubingwa gani. Uliza pia nani anatoa nusu kaputi na kama wana ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Shemeji yangu alikwenda nje kwa bei poa, akapanda ndege na mipira bado iko mwilini. Mshono ukaachia akiwa hapa, na daktari wa huku hana hata karatasi ya kueleza kilichofanyika. Alichookoa kiliishia kwenye kusafisha kidonda.

Dera la Maua:
Nimesahau kubwa: wiki sita hubebi kitu kizito. Huyo wa mwaka mmoja akilia usiku nani atamnyanyua?

Mama Watatu:
Asanteni sana. Nimejipima, vimezama vitatu. Huyu mdogo bado ananyonya usiku, na dada wa kazi anaondoka mwezi ujao. Nimempigia mama Korogwe kumwomba aje akae miezi miwili, akanijibu: "Mwachishe mtoto ziwa kwanza, halafu unipigie tena."