Excel inaniambia faili halipo na mimi naliona kwa macho yangu!

Wadau wa hesabu, nina hasira na leo lazima niseme.

Jana ilikuwa tarehe 19. Anayeshika vitabu vya wafanyabiashara hapa Nairobi anajua maana yake: kesho yake ndiyo mwisho wa kuwasilisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Saa kumi na moja jioni nafungua faili la mauzo la mteja wangu wa Gikomba, Excel inasema halipatikani, labda limehamishwa, limepewa jina jingine au limefutwa. Naangalia kwenye folda, lile pale, pamoja na saa niliyolihifadhi mara ya mwisho. Nabonyeza tena: halipatikani. La mteja wa pili, la tatu, vilevile. Nikamshuku mama tunayekaa naye dawati moja kwamba amefuta kitu, nikamuuliza kwa sauti ambayo leo asubuhi imebidi nimwombe radhi.

Kumbe mchana bosi alikuwa amepanga folda za ofisi. Ile iliyoitwa WATEJA akaiita “Hesabu za Wateja wa Jumla na Rejareja Tawi la Industrial Area Mwaka wa Fedha 2024-2025”. Windows ikakubali bila neno, maana yenyewe kwa kawaida huruhusu njia ya faili, yaani anwani yake yote kwenye kompyuta, hadi herufi 260. Lakini Excel kikomo chake ni kifupi zaidi: huhesabu njia hiyo nzima, kuanzia Z: ya mwanzo (herufi ya diski), kila folda, kila mkwaju (alama ya \), hadi .xlsx ya mwisho, na ikipita 218 haifungui. Nilihesabu kwa kidole kwenye skrini nikapata 231. Kwa hiyo faili linaonekana, linanakilika, ila programu iliyolizaa ndiyo inayolikana!

Kikomo nakivumilia. Ujumbe ule wa uongo ndio siuvumilii. Kama njia ni ndefu, iseme ni ndefu, itaje na hesabu, mtu afupishe aendelee na kazi. Mimi nilipoteza saa tatu nikitafuta faili ambalo halikupotea.

Na msiniambie nitumie majina mafupi. Kila mteja ana folda yake, na ndani kuna “Mauzo Mei”. Excel haifungui mafaili mawili ya jina moja kwa pamoja, hata yakiwa folda tofauti. Ukitaka kulinganisha wateja wawili lazima uongeze jina la mteja kwenye faili. Sheria moja inakulazimisha urefushe jina, nyingine inakuadhibu kwa kulirefusha. Jina la shiti nalo herufi 31 tu, na mkwaju, uwe \ au /, marufuku, ilhali ankara zetu zote ni za mtindo wa INV/2025/0047. Mabano ya mraba kukatazwa naelewa, Excel huyatumia kwenye fomula kutaja faili jingine.

Marejesho yaliingia saa nne usiku, baada ya kurudisha jina la zamani. Leo bosi anaomba angalau mwaka uonekane. Nimemwandikia WATEJA25, herufi nane, na haiongezwi hata moja.