Nahamia Dar, kazi iko Morocco, bajeti laki mbili na nusu: nipange wapi?

Mgeni wa Jiji

Wakuu habari za saa hizi. Nimepata uhamisho kutoka Mwanza nakuja Dar, ofisi ipo Morocco pale Kinondoni, natakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi ujao. Nakuja na wife na mtoto mmoja wa miaka minne kwa hiyo chumba masta kimoja hakitutoshi, natafuta vyumba viwili na sebule, choo ndani, jiko hata likiwa dogo poa tu. Bajeti ni laki mbili na nusu kwa mwezi, nikijibana sana laki tatu ila hapo tutakuwa tunakula dagaa mpaka mkataba uishe 😂

Sasa jamaa mmoja kaniambia nitafute Sinza, mwingine kacheka. Shemeji yangu anakaa Chanika anasema kwa hela hiyo kule napata nyumba nzima na sehemu ya kufuga kuku, lakini nikiangalia ramani naona Chanika mpaka Morocco ni kama safari ya mkoani. Kuna dalali ananitumia picha za nyumba Goba, kiukweli ni nzuri, jipsamu, taili, fensi, geti, laki mbili na ishirini tu, anasema ni dakika kumi kutoka lami. Wengine wanataja Tabata, wengine Kimara, wengine Kigamboni, mpaka kichwa kinauma. Nyie mnaoishi huko niambieni ukweli, mtaa gani mtu analipa kodi na anaona kabisa hela yake imefanya kazi?

Mzee wa Kugeuza

Karibu sana mkuu. Mimi mtu akiniuliza akapange wapi namuuliza kwanza kazini atafika na gari gani, hayo ya taili na jipsamu baadae.

Kazi ni Morocco, kwa hiyo barabara zako ni mbili, Bagamoyo Road na Morogoro Road. Chanika futa kabisa, shemeji yako anakutakia mema ila utakuwa unamuona mtoto kalala. Mbagala kodi ni rahisi kweli na mabasi ya mwendokasi yamefika, ila yanakupeleka Gerezani kule Kariakoo, ukishuka hapo bado unaanza safari nyingine ya kuja Morocco. Tabata ni pazuri mno kwa familia, Segerea, Kimanga, Bima huko kote watu wanaishi vizuri tu, lakini gari nyingi za kule zinaelekea Kariakoo na Posta, ungekuwa unafanya kazi Kariakoo ningekwambia funga mzigo uje. Kigamboni hivyo hivyo, pantoni nauli ni mia mbili na upepo wa bahari ni bure, ila ukivuka Magogoni ndio kwanza uko Posta na Morocco bado.

Kwa hiyo mimi nasema Kimara. Kuna mwendokasi ya Kimara mpaka Morocco moja kwa moja, huunganishi. Lakini sikiliza hapa vizuri maana ndio watu wanapoumia: Kimara ni kubwa. Ukiwa jirani na Kimara Mwisho ambapo basi linaanzia una nafasi ya kukaa kwenye siti. Ukishuka vituo viwili vitatu mbele, Bucha, Baruti, Corner huko, saa moja asubuhi basi linafika limeshajaa watu wamebanana mlangoni, unaliangalia linapita. Ndio maana utaona mtu anapanda gari linaloelekea mwisho wa ruti, yaani anarudi nyuma, analipa nauli, linageuka na yeye yumo kakaa. Tunaita kugeuza na hata kwenye daladala za Tegeta na Mbezi ni hivyo hivyo. Nyumba iliyo karibu na mwanzo wa gari ina thamani hata kama ukuta wake haujapigwa rangi tangu enzi za Mkapa.

Halafu kuna Kimara ya ndani, Golani, Bonyokwa, Saranga, huko utakuta nyumba kali kwa bei yako ila ni milima na mabonde na kutoka barabarani unapanda boda. Piga hesabu, boda buku kwenda buku kurudi, siku 26 za kazi, hiyo ni 52,000 kwa mwezi na wife hajatoka ndani. Nyumba ya laki mbili Golani inakuwa ya laki mbili na nusu na ushee. Bora ulipe hiyo laki mbili na nusu sehemu unatembea kwa mguu mpaka kituoni.

Na ile Goba ya dalali, dakika zake kumi kazipima kwa pikipiki na kiangazi. Lami ya Goba ni nzuri siku hizi, unapita Makongo unatokea Mlimani City, sikatai. Ukiiacha lami ndio utajua, kule mvua za masika zikianza hata boda wanapandisha bei au wanakataa kabisa.

tozo_tena

Sinza kwa laki mbili na nusu, vyumba viwili na sebule? Labda sebule iwe ya baa ya jirani 🤣

Bin Komakoma

Mnamtesa mgeni bure. Mtu anafanya kazi Morocco mnampeleka Kimara wakati Mwananyamala hiyo hapo? Kutoka Komakoma mpaka Morocco unatembea, ukichelewa unachukua bajaji. Kinondoni pia, Mkwajuni ya juu huku, hata Magomeni ukipata nyumba jirani na kituo, mwendokasi inakutoa Mapipa inakushusha Morocco umetulia.

Ngoja niwe mkweli, kwa laki mbili na nusu huku hupati hiyo nyumba ya picha. Utapata nyumba ya kizamani, ya bati, pengine vyumba viwili na kasebule kadogo, na ujiandae kuwa jirani yako ukuta kwa ukuta, akikaanga samaki na wewe umekula. Vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, vipo. Msiba ukitokea turubai linafungwa katikati ya njia na wote mnazunguka. Lakini hospitali ipo, soko lipo, wife akitaka nyanya za mia tano anavuka njia tu, na wewe saa kumi na moja na nusu jioni uko nyumbani unacheza na mwanao wakati wenzako ndio wanapigana vikumbo kituoni. Hiyo nayo ni hela japo haiandikwi kwenye mkataba.

Kitu kimoja tu, angalia bonde. Ukitembea mitaa ya huku utaona kodi inashuka ghafla ukikata kona moja, ujue unashuka kuelekea mto. Hananasif ya chini, Mkwajuni ya chini, Suna kule Magomeni, yote hayo ni bonde la Msimbazi. Desemba 2011 mafuriko yalibeba watu na mali mpaka serikali ikawahamishia wengine Mabwepande, halafu mwishoni mwa 2015 nyumba zikapigwa X nyekundu na tingatinga zikapita. Watu wamerudi kupangisha sehemu nyingine humo humo. Kodi ya mwezi ni ya kitoto kweli, ila godoro likilowa mara moja na friji ikielea ushamaliza chote ulichookoa.

Mgeni wa Jiji

Asanteni sana wakuu, hesabu ya boda imenifungua macho, nilikuwa naangalia kodi tu. Ila sasa nina maswali. Wife ni fundi cherehani, ana mashine mbili za umeme na pasi, atakuwa anafanyia kazi nyumbani, hapo vipi? Na dalali anataka elfu ishirini ya kunionyesha nyumba hata kama sijaipenda, ni kawaida au ananiona wa kuja? Halafu wenye nyumba wote wanataka kodi ya miezi sita.

Mama Wawili

Kaka karibu Dar, na shemeji hapo umenigusa maana na mimi nashona. Sasa, la kwanza kuuliza ni LUKU, mita ya umeme ya kulipia kabla. Usikubali mita ya kuchangia hata nyumba iwe ya dhahabu. Nyumba ya wapangaji wanne mita moja kila siku ni kesi, huyu ana friji, huyu anapika kwa umeme, huyu anasema yeye ana taa tu na hachangii, na pasi ya fundi ndio itakayokuwa ya kwanza kusemwa. Na kuna hili watu hawalijui, mtu anayetumia chini ya unit 75 kwa mwezi anauziwa umeme kwa bei ya chini, mkiwa wanne kwenye mita moja hamuwezi kubaki humo, mnahamishiwa kundi la juu na elfu kumi yenu mnapata unit 28 hivi zinaisha kabla ya wikiendi. Ukiwa na mita yako hata ukitoka kundi la chini kwa ajili ya cherehani, angalau unajua umekula mwenyewe. Na ile elfu moja mia tano ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni deni la mwenye nyumba, si lako, mkubaliane mapema akupunguzie kwenye kodi.

La pili maji. Dalali atakwambia "maji yapo", wewe fungua bomba mwenyewe. Halafu nawa mikono kwa sabuni, ikikataa kutoa povu hayo ni ya kisima na yana chumvi, utanunua ya kunywa na ya chai na nguo nyeupe zitakuwa za kahawia. Angalia kama kuna simtanki na limeunganishwa kweli au limewekwa pale kama pambo. Kwenye korido ukiona ndoo na madumu yamepangwa foleni usiulize tena, maji yanatoka kwa ratiba. Mwaka 2022 Ruvu ilipopungua tukaingia kwenye mgao, wenye matangi walilala, sisi wengine tulikuwa tunasubiri boza usiku wa manane.

La tatu inama. Angalia chini ya ukuta, hasa nyuma ya mlango na pembeni ya kabati kama lipo. Nyumba iliyoingia maji inapigwa rangi mpya lakini chini utaona rangi imevimba vimba kama ngozi ya mgonjwa wa surua, ukigusa inabonyea na unasikia harufu ya udongo. Hapo hata akikupunguzia nusu ondoka.

Dalali sasa. Hela ya kuzungushwa wanachukua, elfu kumi, elfu ishirini, wanabishana kila mtu na bei yake, mpe ukiwa umefika mlangoni na sio kutuma kwa simu ukiwa Mwanza. Ukichukua nyumba yake ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo laki mbili na nusu mara sita ni milioni moja na nusu, jumlisha ya dalali unafika milioni moja laki saba na nusu na hujakodi kirikuu cha kubebea vitanda. Ila omba miezi mitatu, wapo wanaokubali, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu muda. Na usimpe dalali kodi mkononi, mtafute mwenye nyumba mwenyewe, mpite wote serikali ya mtaa, mwenyekiti anawajua wamiliki wa mtaa wake. Kuna dada jirani yangu alilipia nyumba akakuta na wapangaji wengine wawili wamefika na mizigo siku hiyo hiyo, wote wana risiti.

Mzee wa Kugeuza

Mama Wawili umemaliza, huyo mgeni akufanyie shukrani. Bin Komakoma nakuheshimu ila mtoto wa miaka minne kwenye uchochoro boda zinapita kama mshale, hapana. Kimara hata uwanja wa kuchezea upo.

Bin Komakoma

Uwanja upo ila baba hayupo, yuko Ubungo kwenye foleni 😂 Na mwendokasi yako siku mabasi yakiwa machache mnasimama kituoni mpaka mnaota mizizi, usimfiche mgeni. Pia mkewe ni fundi, uswahilini huku kila wiki kuna harusi na kitchen party, sare za kushona hazikatiki. Huko kwenye mafensi yenu nani atajua kama kuna fundi ndani?

Mama Wawili

Hapo kwa fundi Bin Komakoma kasema kweli. Mteja wa sare anataka fundi anayepita mlangoni kwake.

Mgeni wa Jiji

Duh, hiyo ya wateja sikuwa nimeifikiria kabisa, na wife kasoma hapa anacheka anasema Goba nimpeleke akamshonee nani. Basi nakuja wiki ijayo peke yangu nafikia kwa mshkaji Ubungo. Nitaangalia Mwananyamala ya juu kwanza, nikikosa yenye mita yake naenda Kimara ila jirani na Mwisho, kwa mguu. Nikipata chumba kimoja na sebule kubwa yenye dirisha la barabarani mnaonaje, mashine zikae sebuleni?

Mama Wawili

Chumba na sebule ni sawa mkianza, mtoto bado mdogo. Dirisha la barabarani ni zuri, ila angalia nondo zake kabla hujalipa, mashine ndio chakula chenu hizo na vibaka wa huku wana fimbo ndefu.

Mzee wa Kugeuza

Na usiende kuangalia nyumba Jumapili, Jumapili Dar nzima iko karibu. Nenda Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umesimama mlangoni kwa hiyo nyumba, halafu uanze safari ya Morocco ukiwa umevaa viatu vya kazi.

tozo_tena

Na usiku pia pita saa nne hivi usikilize. Pale nilipopanga mimi mchana ni kimya kama kanisa, kumbe baa inafungua spika saa tatu.