Wingu letu wenyewe Mwanza: OpenStack, CloudStack au Proxmox?

Mwanaziwa
Wakuu, habari za jioni. Tuna mfumo wa vyama vya akiba na mikopo tuliouandika wenyewe, na mpaka leo tumekodi seva nje ya nchi. Kulipa kwa dola kila mwezi kunatuumiza. Tumeamua kununua mashine zetu, tuziweke ofisini Nyamanoro, tuendeshe wingu letu kwa programu huria. Muuzaji anataka jibu Ijumaa. Nimesoma kuhusu hizo tatu mpaka kichwa kinauma. Ipi itatufaa?

Fundi_Kirumba
Mkuu, mbona hujatupa cha kushika? Mashine ngapi? Ramu kiasi gani? Diski za aina gani? Na mko wangapi wa kuamka usiku ikizingua?

Jembe_Ilemela
OpenStack, sina maneno mengi. Ilianzishwa 2010 na Rackspace pamoja na NASA, leo CERN, wale watafiti wa fizikia wa Ulaya, wanaiendesha kwenye vituo vyao. Ukiijua hiyo umeijua kazi.

Bi_Nodi
CERN wana kikosi kizima, mkuu. OpenStack ni vipande vingi: Nova ya mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja), Neutron ya mtandao, Cinder ya diski, Keystone ya utambulisho, na kila kimoja kinaugua kivyake. Toleo jipya hutoka kila miezi sita. Mimi nasimama na CloudStack: seva moja ya usimamizi, hifadhidata ya MySQL, basi. Iko chini ya taasisi ya programu huria ya Apache tangu 2012. Halafu mleta mada, data za wanachama wa SACCOS zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo mmeliangalia?

Mwanaziwa
Samahani wakuu. Mashine ni mbili, used, ramu GB 128 kila moja. Tuko wawili, mimi na mdogo wangu. Hiyo sheria bado, asante dada.

Fundi_Kirumba
Mbili! Hapo ndipo nilipoumia mimi. 2022 nilimfungia mfanyabiashara mmoja wa samaki hapa mwaloni klasta ya Proxmox, yaani mashine mbili zinazofanya kazi kama kundi moja. Kazi yake mizani: samaki anapimwa, risiti inatoka, gari linaondoka. Miezi mitano safi kabisa. Usiku mmoja umeme ukakatika, uliporudi ukaunguza pawasaplai ya mashine ya kwanza. Sikuhangaika, mfumo wa mizani ulikuwa kwenye ile ya pili.

Saa kumi alfajiri simu inaita, mizani haifanyi kazi. Nafika, mashine ya pili imewaka, taa zote kijani, lakini kila nikiiambia iwashe mashine pepe inagoma: hakuna akidi. Kwenye klasta kila mashine ina kura yake, na lazima zaidi ya nusu ya kura ziwepo ndipo kitu kiwashwe, kusudi mashine mbili zilizopotezana zisije zikaandika data ileile kila moja kivyake. Moja kati ya mbili ni nusu tu.

Nje magari mawili yamesimama, maji ya barafu yanachuruzika chini, karani anaandika kilo za sangara kwa kalamu ubavuni mwa boksi. Mimi nasoma maelekezo kwenye simu. Saa nzima na ushei ndipo nikaiona amri: pvecm expected 1. Niliipiga, dakika haikupita mizani ikarudi. Yule mzee hakunifokea, alinitazama tu, na mpaka leo nikipita pale naona aibu.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukichukua Proxmox weka kura ya tatu. Raspberry Pi, kale kakompyuta kadogo, yenye mfumo wa Debian na QDevice, programu ya kupiga hiyo kura, inatosha.

Jembe_Ilemela
Pole sana. Ila hapo Proxmox haina kosa, ni ufungaji. Mimi naogopa kingine: hawa wameandika mfumo wenyewe, kesho watataka kubadilisha na msimbo wa programu ya wingu. Kazini kwetu tuliwahi kuweka viraka vyetu, yaani marekebisho ya msimbo, ndani ya OpenStack bila kuvirudisha kwa wenye mradi. Kila toleo jipya tunavishona upya kwa mkono, mpaka tukaacha kupandisha matoleo kabisa. Kiraka kirudishwe kule kinakotoka, wengi wakitunze.

Bi_Nodi
Kukirudisha OpenStack unapita Gerrit, mfumo wao wa kukagua msimbo, unasubiri wapitiaji wakupe +2, yaani kibali. CloudStack ni GitHub tu, ule mtandao wa kuhifadhi msimbo, unafungua ombi na watu wanakujibu. Kwa kijana anayeanza ni mlango mwepesi.

Fundi_Kirumba
Proxmox viraka huenda kwa barua pepe, na kwanza unasaini makubaliano ya wachangiaji. Ila wao wawili watapata wapi muda wa viraka, Bi Nodi? Wana wateja.

Bi_Nodi
Wataupata. Nani atarekebisha kinachotuuma sisi tusipokigusa wenyewe? Hata kutafsiri maelekezo ni mchango.

Mkazi_Igoma
Wakuu, naingilia. Umeme ndio adui hapa, yeye ana betri gani? Mimi nilitoka za maji nikaenda za lithiamu, zinakaa na chaji vizuri.

Fundi_Kirumba
Inveta ya ukubwa gani, mkuu? Na bei ulipataje?

Mkazi_Igoma
Ya kilowati 3. Bei njoo inbox.

Mwanaziwa
Betri hatuna, tuna jenereta ya petroli. Nitamuomba muuzaji asubiri mpaka Jumatatu. Hiyo Raspberry Pi, kwa Mwanza napata duka gani?

Fundi_Kirumba
Njoo inbox nikuelekeze. Ila za diski bado hujatuambia.