Tumbo la siku ya kwanza ya hedhi: tangawizi, kujikanda, mazoezi au kidonge? Nimejaribu vyote, njooni tulinganishe

FundiMwanza
Habari za saa hizi wapendwa. Wakaka mnaokuja kutania pitieni uzi mwingine, wenye wake na dada karibuni.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 24, tumbo la siku ya kwanza limenianza nikiwa form two na tangu hapo kila mwezi siku moja naipoteza, mteja anakuja kuchukua gauni ananikuta nimejikunja chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mwaka huu nikasema sasa basi. Nikachukua daftari la vipimo vya wateja nikajitengea ukurasa wa nyuma, kila mwezi najaribu kitu kimoja tu na maumivu nayapa maksi, sifuri ni salama na kumi ni yale ya kutapika.

Mwezi ambao sikufanya kitu nilijipa 8. Chai ya mchaichai 8 pia, inanukia vizuri basi. Tangawizi mbichi nimeponda nikachemsha nikanywa vikombe viwili, 7, ila niliinywa tumbo likiwa limeshachachamaa. Panadol 6. Kuna mtu aliniambia mazoezi yanatibu nikaruka kamba siku ileile ya kwanza jamani nilikaa chini nikaona nyota, hiyo nimeipa 9 na sirudii. Kujikanda ndo kulinishangaza, hapa kazini pasi iko moto muda wote, nikawa naipiga pasi kanga naikunja mara nne naiweka chini ya kitovu ikipoa naibadilisha, 5. Na ibuprofen ikawa 3 lakini nilimeza sijala, tumbo la juu likawaka moto hadi jioni.

Sasa nauliza, kuna njia ya asili peke yake inayoweza kufikia hiyo 3? Maana bibi yangu anasema hili ni chango na vidonge vinalichokoza tu.

MamaShufaa_Tanga
Bibi yako yuko sahihi mwanangu, chango hilo. Sisi tulikuwa tunakaanga chumvi ya mawe kwenye chungu, unaifunga kwenye kitambaa cha pamba unajikanda tumbo na kiuno, na kuna mizizi unachemsha unakunywa siku tatu. Hivyo vidonge mnavyomeza kama karanga mimi siviamini. Na uache maji ya baridi na ndimu ukiwa kwenye siku zako, damu inaganda.

NesiZamuYaUsiku
Shikamoo mama Shufaa. Kwenye chumvi ya moto tuko pamoja kabisa, kwenye mengine niruhusu nibishe kidogo kwa adabu.

Fundi, hicho bibi anachokiita chango kina sababu yake. Siku chache kabla hujaona damu homoni ya projesteroni inashuka, ule utando wa ndani ya mji wa mimba unaanza kubomoka na unatoa kemikali inaitwa prostaglandini. Kazi yake ni kuukamua mji wa mimba utoe ule utando. Sasa wenye kemikali nyingi mji wa mimba unabana kwa nguvu sana mpaka mishipa ya damu ya pale inaminywa, nyama inakosa oksijeni, ndo unasikia lile linalokata mpaka kiunoni na mapajani. Na ikisambaa kidogo inafika kwenye utumbo nao unabana, ndo maana siku ya kwanza wengi wetu tunaharisha na wengine wanatapika, mtu anadhani amekula kitu kibaya. Inakuwa nyingi zaidi siku mbili za mwanzo, baada ya hapo inapungua yenyewe. Kwa hiyo chai yoyote ungeinywa siku ya tatu ungesema imekuponya!

Ukilijua hilo daftari lako linasomeka vizuri. Ibuprofen na ndugu zake kama Ponstan zinazuia prostaglandini isitengenezwe, ile iliyokwisha kutengenezwa haiiondoi, kwa hiyo anayemeza mapema dalili zikianza tu anapata nafuu kuliko anayesubiri azidiwe. Panadol kwa kemikali hii haina nguvu sana, hiyo 6 yako sishangai. Joto linalegeza misuli na kuleta damu pale palipominywa. Kuna utafiti ulifanyika Marekani ukachapishwa 2001, wanawake walifungwa kitambaa chenye joto la nyuzi 39 kwa saa kumi na mbili kwa siku, wakalinganishwa na waliomeza ibuprofen 400 mara tatu, nafuu ikawa haipishani. Waliotumia vyote viwili walipata unafuu mapema, kama lisaa limoja na nusu, wa kidonge peke yake karibu masaa matatu. Nyuzi 39 ni vuguvugu la kupendeza mwilini, haliunguzi, kinachofanya kazi ni kukaa nalo muda mrefu. Mpira wa maji ya moto uuvike taulo. Nimeona wasichana tumbo limechorwa madoa ya kahawia kama wavu wa samaki kwa kujikanda na vitu vya moto sana kila mwezi.

Tangawizi nayo usiitupe, uliikosea muda. Iran walilinganisha wanafunzi 150, utafiti wa 2009, unga wa tangawizi miligramu 250 mara nne kwa siku kwa siku tatu kuanzia damu inapoanza, dhidi ya ibuprofen na dawa iliyomo kwenye Ponstan. Hawakuona tofauti. Gramu moja kwa siku ni kama nusu kijiko cha chai cha unga mkavu, ugawanye. Mwenye kiungulia au anayetumia dawa za kuyeyusha damu aulize kwanza.

Ndimu na maji ya baridi havigandishi damu mama yangu, kunywa tu. Na ile mizizi shida yake hatujui ni mizizi gani na kipimo gani, mingine inabana mji wa mimba, mtu akiwa na mimba changa hajijui anaipoteza.

MamaShufaa_Tanga
Marahaba. Mizizi nimewanywesha binti zangu wanne na wote wamezaa, ila hapo kwenye mimba changa umesema kweli, hata bibi zetu walikuwa wanamuuliza mtu kwanza ameiona lini ya mwisho.

DerevaWaNoah
Kaka niko hapa kwa heshima. Mke wangu anateseka hivyohivyo, mama yangu anasema akizaa litaisha. Kweli? Na duka la dawa kila tukienda wanampa diclopar.

NesiZamuYaUsiku
Kaka hongera kwa kuuliza. Wengine linapungua baada ya kuzaa, wengine linabaki vilevile, kwa hiyo mtoto asiwe dozi. Diclopar ndani yake kuna diclofenac na paracetamol, ni ndugu wa ibuprofen, usimwachie ameze hiyo halafu juu yake aongeze ibuprofen au Panadol, anakuwa amemeza mara mbili bila kujua. Ale kwanza. Na kama ana vidonda vya tumbo, figo, au pumu inayochokozwa na dawa hizi, asiguse kabla ya kuongea na daktari. Kama mnatafuta mtoto pia mwambieni daktari.

Shiko254
Mwenzenu niko Nakuru. Wacha niseme kitu kwa sababu hii story ya tangawizi ilinipotezea miaka. Mimi nilikunywa tangawizi, mdalasini, kila kitu, nikajikanda hadi nikawa na hayo madoa nesi anasema, na haikusaidia kitu, na uchungu haukuwa unaisha siku ya pili, ulikuwa unaanza wiki moja kabla, nikienda choo kubwa nalia, na mambo ya ndoa yalikuwa ni adhabu. Zahanati nilikokuwa naenda walikuwa wananiambia ni kawaida ya wasichana, vumilia. Mpaka daktari mmoja wa akina mama akaniuliza kuhusu mambo hayo matatu tu akasema hii tuichunguze. Ilikuwa endometriosisi, ile tishu inayofanana na utando wa ndani ya kizazi inaota nje yake. Utrasaundi ilikuwa imesema niko sawa! Iliyoonyesha ni ile kamera wanaingiza kwa tundu dogo tumboni.

Wakenya mnamkumbuka Jahmby Koikai, yule mtangazaji wa reggae. Kwake ilifika hadi kifuani, mapafu yanaporomoka, akaenda kufanyiwa upasuaji Marekani, na alitutoka Juni 2024. Kwa hivyo enyewe mtu akisema uchungu wake haushikiki na dawa msimpe chai ingine.

Binti_wa_Dodoma
Pole sana Shiko. Huku kwetu Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, ndo mtu wa kwanza nilimsikia akiongea haya hadharani, amepasuliwa zaidi ya mara kumi.

Mimi langu ni tofauti, sikuwahi kuumwa tumbo hadi nilipoweka kitanzi cha uzazi wa mpango mwaka jana, sasa hivi naumwa na damu inatoka nyingi. Ni kawaida au kimehama?

NesiZamuYaUsiku
Binti, kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu na maumivu hasa miezi ya mwanzo, cha homoni mara nyingi kinapunguza. Ila mwaka umepita, nenda wakaangalie kama nyuzi zake bado zipo mahali pake, usikae nayo kwa kukisia. Ukiwa na homa au uchafu unaonuka usisubiri kesho.

Shiko amesema la maana kuliko mimi. Tumbo la kawaida linaanza mwaka mmoja au miwili baada ya kuvunja ungo, linakuja na damu na kuondoka ndani ya siku mbili tatu. Linaloanza ukubwani, linalozidi kila mwaka, linalouma hata siku ambazo huna damu, hilo lina kitu nyuma yake, kinaweza kuwa uvimbe, maambukizi kwenye via vya uzazi, au hiyo yake. Fundi lako lilianza form two, linaisha siku ya pili, sina wasiwasi nalo sana, ila endelea na daftari maana daktari akiliona atakupenda.

Na mazoezi ulionewa. Si ya kuruka kamba siku ya damu. Waliopata nafuu walikuwa wanafanya dakika 45 hadi 60 mara tatu kwa wiki mwezi mzima, hata kutembea kwa haraka inatosha.

FundiMwanza
Jamani nimerudi baada ya mizunguko mitatu. Nimeacha bodaboda, kwenda kazini na kurudi natembea, ni kama dakika 25 kila upande. Unga wa tangawizi naanza jioni ile nikisikia kiuno kizito, robo ya nusu kijiko kwenye uji, mara nne. Na kanga yangu ya pasi, ila sasa siiweki ya moto sana, naishikiza kwa mkanda wa kitambaa nashona nayo tumboni.

Mwezi wa kwanza 6, nikataka kuacha. Wa pili 4. Mwezi huu 4 tena, na nilikata magauni mawili ya sare ya harusi siku hiyohiyo. Kufika 3 bila kidonge sijafika. Mwezi ule wa maksi 6 nilimeza ibuprofen moja mchana baada ya ugali na sikuwaka tumbo, kwa hiyo inakaa kwenye droo pembeni ya bobini, nikizidiwa ipo. Bibi nimemwambia chango lina jina lingine kacheka sana.

MamaShufaa_Tanga
Hiyo tangawizi ya unga unanunua wapi? Huku kwetu nahisi wanachanganya na unga wa muhogo, haiwashi kabisa.

FundiMwanza
Mama nanunua mbichi sokoni, nakatakata nyembamba naanika juani siku tatu, natwanga mwenyewe. Inawasha mpaka unakohoa.