Naombeni ushauri: sigaa za harusi kwa watu ambao si wavutaji

Mpambe Mkuu
Wakuu, habari za muda huu. Rafiki yangu wa tangu utotoni anaoa mwezi ujao na mimi ndiye msimamizi wake. Kati ya majukumu niliyobebeshwa ni kutafuta sigaa, zile nene za majani matupu, ili wapambe na wageni wachache wavute nje usiku, muziki ukishakolea. Tutakuwa kama 20. Shida ni kwamba karibu wote si wavutaji. Wawili watatu huvuta mara moja moja kwenye sherehe, waliobaki wanataka picha na kumbukumbu tu. Bwana harusi mwenyewe akipitiwa na moshi wa sigara ya kawaida anakohoa.

Nimeingia dukani nikakuta majina chungu nzima na muuzaji anasifia kila boksi. Bajeti ni ya wastani. Sitaki kununua takataka, wala sitaki kumwaga hela kwa watu ambao hawataona tofauti. Nichukue zipi, za ukubwa gani, na nizitunzeje hadi siku yenyewe? Nawasilisha.

Kaa Kando
Nimekaa paleee nasoma komenti. Wajuzi wanakuja.

Jani la Nje
Mkuu, jina liache kwanza, ulizia nguvu. Mtu asiyezoea akipewa sigaa kali, hata nusu hajafika ameshatokwa na kijasho chembamba na kichefuchefu kimempanda, na keki bado haijakatwa. Dukani sema unataka sigaa laini yenye jani la nje la Connecticut. Ni jani la hudhurungi iliyopauka. Asili yake ni bonde la mto Connecticut kule Marekani, hulimwa chini ya vitambaa vya kukinga jua, na siku hizi linalimwa sana Ecuador ambako mawingu yenyewe ndiyo kivuli. Moshi wake ni mtulivu, hauwashi koo.

Kwa majina: Macanudo Café au Ashton Classic za Jamhuri ya Dominika. Ukizikosa, tafuta Oliva Connecticut Reserve au Perdomo Champagne za Nicaragua. Yoyote kati ya hizo haitakuaibisha. Na usichanganye aina tano ili kila mtu achague, watu wasiojua hawachagui, wanashangaa tu. Aina moja, boksi moja. Maboksi mengi huwa ya 20 au 25, hesabu yako inakaa vizuri kabisa.

Mzee wa Havana
Harusi ni siku moja bana, nunua za Cuba. Weka Cohiba mezani, kila mtu ataelewa bila kuelezwa. Hizo nyingine mtavuta siku za kawaida.

Jani la Nje
Mzee, heshima yako, ila hapo unampeleka kubaya. Cohiba ndiyo waghushi wanayoipenda kuliko zote, na mnunuzi wanayemtafuta ndiye huyu: ana harusi, ana haraka, hajui. Mleta uzi, ukiona Cohiba kwenye boksi lenye mfuniko wa kioo, rudisha mkono mfukoni. Kiwanda hakitoi maboksi ya hivyo.

Halafu kuna mtego wa majina. Serikali ya Cuba ilitaifisha viwanda mwaka 1960, baadhi ya wenye viwanda wakahama na kwenda kuanza upya kwingine. Ndiyo maana leo Montecristo ipo ya Cuba na ipo ya Jamhuri ya Dominika, Romeo y Julieta vilevile. Lebo zinafanana, waliotengeneza ni tofauti, na bei ni tofauti. Uliza imetoka wapi kabla ya kulipa. Kama moyo umegoma kabisa na lazima iwe Cuba, basi tafuta Hoyo de Monterrey kwa muuzaji mwenye kibali, maana ni laini kuliko ndugu zake wengi.

Mzee wa Havana
Hoyo nakubali. Lile la kioo ni kweli pia, sikatai. Lakini mkumbuke Kennedy mwenyewe, rais wa Marekani, usiku wa kuamkia kusaini marufuku ya bidhaa za Cuba mwaka 1962, alimtuma msemaji wake Pierre Salinger akamtafutie sigaa 1,000 za Cuba aina ya H. Upmann. Jamaa akarudi na 1,200 ndipo kalamu ikasaini. Mtu hafanyi hivyo kwa majani ya kawaida.

Kaa Kando
Hahaha Mzee, rais anaweka akiba kwanza halafu anawafungia wenzake duka.

Mama Ukumbi
Mwanangu, mimi naratibu sherehe, hayo ya majina nawaachia hao. Ninachokiona kila mara ni kwamba sigaa zimenunuliwa nzuri, halafu hakuna wa kuzikata. Watu wanazing'ata kwa meno, wengine wanachukua kisu cha keki. Nunua vikata viwili vitatu, vile vya blade mbili vya kuingiza kidole. Chagua mtu mmoja, asiwe wewe maana utakuwa na kazi nyingine, awe ndiye mkataji na mwashaji wa wote.

Na ukubwa ndio unaoharibu ratiba. Kuna ile ndefu wanaiita Churchill, milimita 178, hiyo inakwenda saa moja na nusu. Bibi harusi atakaa na nani muda wote huo? Chukua fupi.

Jani la Nje
Mama kaongea. Ukubwa unaokufaa ni Robusto, kama inchi 5 kwa unene wa 50. Hiyo 50 ni sehemu za 64 za inchi, yaani karibu milimita 20. Inakwenda dakika 45 hadi saa nzima. Ukiona bado ni ndefu, ipo Petit Corona, unene wa 42, nusu saa na kidogo mtu kamaliza. Mimi kwa wageni kama wako ningechukua hizi ndogo. Ila kwenye picha Robusto inaonekana zaidi, na umesema picha ni sehemu ya shughuli.

Kukata: kichwani kuna kipande kidogo cha jani kilichogandishwa kama kofia. Kata milimita 2 tu, ndani ya kofia hiyo. Ukivuka pale mviringo unapoishia na kuwa mnyoofu, jani la nje linaanza kufunguka na mgeni wako atamaliza usiku anatema vipande vya tumbaku.

Kuwasha nako kuna namna yake. Usiiweke mdomoni kwanza. Shika mkononi, ncha ikae juu ya moto bila kuuguza, zungusha taratibu hadi ukingo wote uwe na kijivu. Puliza kidogo uone kama wekundu umeenea duara zima. Sehemu ikibaki nyeusi, irudishie moto hapo. Ndipo uweke mdomoni. Ikiwashwa upande mmoja itaungua upande mmoja hadi mwisho.

Nesi wa Zamu
Samahani kwa kuingilia furaha. Waambieni wageni wasimeze moshi, unaishia mdomoni na kutoka. Lakini msiwadanganye kwamba asiyemeza yuko salama. Moshi wa sigaa una ualkali zaidi, nikotini inapenya kupitia ngozi laini ya ndani ya mdomo, ndiyo maana mtu anapata kizunguzungu na hajavuta hata kidogo kifuani. Na sigaa kubwa moja inaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Saratani ya mdomo, koo na umio haisubiri umeze moshi.

Kama ni lazima, basi wale chakula kwanza, wavute pafu moja kwa dakika, na anayejisikia vibaya aweke chini, akae, apewe maji na kitu chenye sukari. Wajawazito na watoto wawe mbali. Asiyetaka asisukumwe kwa sababu ya picha, ashike tu isiyowashwa.

Mpambe Mkuu
Nesi nimekuelewa, hiyo ya kushika bila kuwasha inamfaa bwana harusi moja kwa moja. Maswali mawili. Muuzaji aliniambia nikwepe nyeusi kwa sababu ni kali, ni kweli? Na kuna shemeji anasisitiza tuchukue zile zenye ladha ya kahawa na utamu, anasema wanawake watazipenda.

Jani la Nje
Rangi haikuambii nguvu. Jani jeusi, wanaliita Maduro, limechachushwa muda mrefu zaidi na mara nyingi linaleta utamu utamu. Ukali unategemea zaidi majani ya ndani. Kuna nyeusi za upole na kuna za rangi ya maziwa zinazopiga kichwa. Kwa hiyo uliza nguvu, usiangalie rangi.

Za ladha, kama Acid au Tabak Especial, mimi sizivuti ila sitamzuia mtu. Chukua nne tano za kujaribu. Sharti moja tu: zisikae boksi moja na nyingine. Harufu yake inahama, wiki ikipita zote zitanuka kahawa.

Dada Mshona Suti
Kwani kahawa na utamu ni vya wanawake tu? Mimi navuta Robusto na shemeji mwambie hivyo.

Mpambe Mkuu
Dada nimekusikia, ujumbe utafika. Kutunza je? Nikinunua mapema nina wasiwasi zitakauka.

Jani la Nje
Zitakauka kweli ukiziacha mezani. Huna haja ya sanduku la mbao la gharama. Chukua kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, liwe halina harufu, tia ndani vipakiti vya unyevu vya Boveda vya asilimia 69, sigaa zibaki na karatasi zake za nailoni. Weka chumba chenye ubaridi, mbali na dirisha. Friji hapana, inakausha na zitaokota harufu za mboga. Kwenye gari hapana kabisa. Joto likipanda, mayai ya mdudu wa tumbaku yanaanguliwa, na utakuta majani yametobolewa.

Siku ya kutumia, ibonyeze moja kwa vidole viwili. Ikirudi taratibu iko sawa. Ikilia kama majani makavu imekauka.

Mama Ukumbi
Na visahani vya majivu viwe vya kutosha, tena vizito. Wakimaliza wasizikandamize kama sigara, waziweke tu zizime zenyewe, harufu inapungua. Kama mnabandika lebo za majina ya maharusi, gundi ishike karatasi kwa karatasi, isiguse jani.

Mpambe Mkuu
Asanteni sana wakuu. Nachukua boksi moja la Robusto laini, nne za kahawa kwenye kopo lake, vikata vitatu. Mkataji nishampata, ni binamu yake bwana harusi, mkono wake umetulia. Kiberiti cha kawaida kitatosha?

Jani la Nje
Nje usiku kuna upepo, cha kawaida kitakutesa. Chukua cha gesi chenye moto wa bluu. Cha petroli acha, kinaacha ladha kwenye jani. Na ununue kopo la gesi palepale, maana vingi huuzwa vikiwa vitupu.